Mtaala wa VVU wa Chuo Kikuu cha Washington: bora kwa dawa, haba kwa mazungumzo

Kama wewe ni muuguzi, daktari, mfamasia au mtabibu msaidizi uliyepangiwa kliniki ya VVU nchini Marekani na hujui pa kuanzia, anza na Mtaala wa Taifa wa VVU unaoandaliwa na Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle. Ni wa bure, uko kwenye hiv.uw.edu, unatoa cheti, na kwa upande wa vipimo na dawa hatujaona wa kuushinda, wa bure wala wa kulipia. Ila usidhani ukimaliza moduli zote sita umeshaiva. Wengi wa watakaoketi mbele yako ni Weusi, Walatino na wahamiaji, na wanaopotea kwenye huduma hawapotei kwa sababu ya kidonge peke yake. Mengi huharibikia kwenye maneno ya chumbani, na hapo mtaala huu unagusa tu na kupita.

Kwanza tuuweke mahali pake. Mtaala unalipiwa na HRSA, wakala wa serikali kuu ya Marekani unaosimamia mpango wa Ryan White wa kuwahudumia wenye VVU wasiomudu matibabu, na ni tawi moja la mtandao wa vituo vya mafunzo unaoitwa AETC ulioanza mwaka 1987. Mtandao huo upo kwa sababu ya hesabu ambayo haijawahi kukaa sawa. Weusi ni karibu asilimia 12 ya watu wa Marekani, lakini mwaka 2022 walikuwa asilimia 37 ya waliogunduliwa kuwa na VVU. Walatino ni chini ya asilimia 20 ya watu, nao walikuwa karibu theluthi. Nusu hivi ya maambukizi yanayogunduliwa yako majimbo ya kusini, ambako daktari bingwa wa magonjwa ya kuambukiza anaweza kuwa mwendo wa saa mbili kwa gari. Kwa hiyo anayetibu ni daktari wa kawaida wa familia au muuguzi mwenye mamlaka ya kuandika dawa, na huyo ndiye aliyelengwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wabunge Weusi walisukuma kuanzishwa kwa fungu maalumu kwa ajili ya jamii za wachache, na sehemu ya fedha hizo ikaingia kwenye mafunzo ya matabibu.

Kujiandikisha ni kazi ya dakika chache: barua pepe, fani yako, basi. Moduli ni sita: upimaji na utambuzi, huduma ya msingi, dawa za kufubaza virusi, magonjwa yanayoambatana, kinga, na makundi maalumu. Kila somo unaweza kulisoma kirefu, kulipitia kwa muhtasari unapokuwa na mgonjwa anasubiri nje, au kuliacha na kwenda moja kwa moja kwenye benki ya maswali. Ushauri wetu: anza na maswali. Jibu, kosa, soma maelezo ya kosa lako, ndipo urudi kwenye somo. Anayeanza na somo husoma kurasa ndefu akitikisa kichwa kukubali, na kesho yake hakumbuki tofauti ya kipimo kimoja na kingine. Kitu kimoja cha kuangalia: saa za masomo endelevu haziji zenyewe. Baada ya jaribio lazima uzidai na uchague aina inayolingana na leseni yako. Wauguzi wanaohitaji saa za famakolojia wasipoangalia hapo hupata cheti kisichowasaidia wakati wa kuhuisha leseni.

Moduli ya kwanza ni fupi na ina thamani kuliko inavyoonekana. Inakupa siku za dirisha, yaani muda tangu kuambukizwa hadi kipimo kuweza kuona maambukizi, kwa kila kipimo: kipimo cha vinasaba vya virusi, siku 10 hadi 33, kipimo cha maabara cha antijeni na kingamwili, siku 18 hadi 45, cha kuchoma kidole cha aina hiyohiyo, siku 18 hadi 90, cha kingamwili peke yake, siku 23 hadi 90. Kosa linalojirudia kwenye kliniki ndogo ni hili: kipimo cha kwanza kinaonyesha maambukizi, cha pili cha kutofautisha VVU-1 na VVU-2 kinasema hapana, na mgonjwa anaambiwa "kipimo cha kwanza kilikosea, uko salama". Huenda yuko kwenye wiki zake za kwanza kabisa, kingamwili bado hazijajengeka, na ndizo wiki ambazo virusi ni vingi mno damuni. Kinachotakiwa ni kipimo cha tatu, cha vinasaba, kabla ya kumpa jibu lolote. Somo linalieleza hili kwa mchoro mmoja ambao unafaa kubandikwa ukutani.

Moduli ya tatu, ya dawa, ndiyo inayoufanya mtaala ustahili sifa. Sababu za kila uamuzi zimewekwa wazi. Kabla ya kumpa mtu dolutegravir na lamivudini peke yake, pima homa ya ini B, kwa kuwa lamivudini pekee haiimudu. Kabla ya abacavir, pima HLA-B*5701, jeni inayoashiria hatari ya mzio mkali wa dawa hiyo, kwa kila mtu, hata kama jeni hiyo ni adimu kwa watu wenye asili ya Afrika. Dolutegravir na bictegravir hupandisha kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, kidogo katika wiki za mwanzo bila figo kuumia, na asiyejua hilo huwahamisha wagonjwa dawa bure. Hapohapo lakini, kwa mgonjwa Mweusi usiiamini figo kwa upofu: jeni ya APOL1, inayopatikana zaidi kwa wenye asili ya Afrika Magharibi, inaongeza hatari ya ugonjwa wa figo unaoletwa na VVU. Pima protini kwenye mkojo. Na kama mashine ya maabara yenu bado inatumia fomula ya figo yenye kipengele cha rangi ya mtu, ilishabadilishwa mwaka 2021. Waambieni.

Kuna jingine la aina hiyo ambalo matabibu wengi hawalijui. Watu wengi wenye asili ya Afrika huwa na chembe nyeupe chache kwa maumbile, bila ugonjwa wowote. Idadi ya CD4, chembe za kinga zinazoshambuliwa na VVU, hutokana na hesabu ya hizo chembe, kwa hiyo namba inaweza kushuka huku asilimia ya CD4 imetulia palepale. Anayeangalia namba tupu anaingiwa na wasiwasi, anaongeza dawa za kinga, anamtisha mgonjwa. Angalia asilimia pia, kila mara.

Sasa tumlete mgonjwa ambaye mtaala haukumchora. Mama wa miaka 38, Mkongo wa Kivu, amekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kisha amepokewa na jimbo la katikati ya Marekani. VVU haimzuii mtu kuingia nchini humo tangu Januari 2010. Anatoa mkobani chupa ya TLD, kidonge kimoja chenye tenofovir miligramu 300, lamivudini 300 na dolutegravir 50, ambacho tabibu wa Marekani hajazoea kukiona. Jambo rahisi ni kumhamishia kwenye kidonge cha bictegravir, kinachotumika sana huko, na mara nyingi ni sawa. Lakini wiki hiyohiyo idara ya afya ya kaunti imempima, imemkuta na TB iliyolala, na imemwanzishia rifampisini ya miezi minne. Rifampisini huishusha bictegravir kiasi kwamba hazipaswi kutumiwa pamoja. Virusi vitapanda, na lawama atatupiwa mama kwamba hanywi dawa. Angebaki na dolutegravir, ikiwa miligramu 50 mara mbili kwa siku muda wote wa rifampisini, pasingekuwa na tatizo. Taarifa zote hizi zimo kwenye mtaala, moja kwenye somo la dawa, nyingine kwenye magonjwa yanayoambatana. Hakuna ukurasa unaozikutanisha kwa mtu mmoja mwenye ofisi mbili zisizopigiana simu.

Au tuseme mama huyo anasikia habari za sindano ya kila miezi miwili, cabotegravir miligramu 600 na rilpivirini 900, naye anaitaka, maana chupa ya vidonge kwenye nyumba ya watu saba haifichiki. Ombi la haki kabisa. Maswali matatu kwanza. Ana homa ya ini B? Sindano hizo haziigusi, na ukiondoa tenofovir inayoidhibiti, homa hiyo inaweza kulipuka upya. Kwa watu wa Afrika ya Kati na Mashariki swali hili halirukwi. Alianza ARV mwaka gani? Aliyeanza kabla ya 2018 huenda alitumia efavirenz au nevirapini, dawa za familia moja na rilpivirini, na usugu wa zamani hujificha. Aliwahi kupewa nevirapini wakati wa uchungu wa kuzaa, hata mara moja? Ukiwa na shaka na virusi vyake tayari vimefubaa, kipimo cha kawaida cha usugu hakitasoma kitu. Kipo kile cha kusoma virusi vilivyojificha ndani ya chembe, nacho kina mapungufu yake. Na unene pia huingia kwenye hesabu. Hofu iliyokuwepo juu ya aina ya virusi A1, ya kwetu Afrika Mashariki, imepungua baada ya jaribio la CARES lililofanywa Uganda, Kenya na Afrika Kusini kuonyesha sindano zinafanya kazi vizuri.

Hadi hapa tunausifu mtaala hata pale tunapoulalamikia, kwa sababu maarifa yamo, ni kuyaunganisha tu. Tatizo kubwa liko kwenye moduli ya sita. Inazungumzia wanawake, vijana, wazee, walioko magerezani na makundi mengine, takwimu zimenyooka, vizuizi vimetajwa: unyanyapaa, umaskini, kutokuwa na bima, kutowaamini madaktari. Kutajwa na kufundishwa ni mambo mawili. Daktari anamaliza somo akijua kwamba wagonjwa Weusi wana sababu za kihistoria za kutoiamini hospitali, ila hajui aseme nini saa nne asubuhi mgonjwa anapomwuliza, "Hii dawa mmeijaribu kwa nani?"

Zamani mtandao huu ulikuwa na kituo kilichojihusisha na hilo moja kwa moja, kwenye Chuo Kikuu cha Howard, Washington, D.C. Kituo hicho kilitoa mfumo wa BESAFE wenye hatua sita: vizuizi, maadili, hisia za mtabibu mwenyewe, tathmini, ukweli wa kitabibu, na kukutana na mgonjwa. Nguvu yake ni hatua ya tatu. Inamlazimisha mtabibu ajikague yeye kwanza: huwa namkatisha nani maneno, nani namwandikia "hafuati dawa" bila kumuuliza nauli ya kuja kliniki alipata wapi. Atakayepata nakala ya vifaa vyao aisome sambamba na moduli ya sita. Dawa zilizotajwa humo zimezeeka, maswali hayajazeeka.

Kwa wanaotibu Waswahili, kazi ngumu zaidi ni mkalimani, na hili halifundishiki kwa kusoma. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani inatakiwa na sheria imtafutie mgonjwa mkalimani bila malipo. Mume, jirani au mtoto wa miaka kumi na miwili hafai. Omba mkalimani wa simu aliye jimbo jingine, kwa sababu mji wenye familia sitini za Wakongo una kanisa moja au mawili, na mkalimani wa hapo ndiye mwenyekiti wa jumuiya. Usimtajie jina la mgonjwa. Muulize mgonjwa Kiswahili chake ni cha wapi, maana wa Bukavu na wa Mombasa hupotezana kwenye majina ya magonjwa. Na huenda lugha yake ya ndani ni Kibembe au Kinyarwanda, Kiswahili anakijua cha sokoni. Weka simu katikati ya meza, mtazame mgonjwa, sema sentensi mbili, nyamaza. Maelezo ya dakika tatu mfululizo yatamfikia yamekatwa nusu. Mwishoni usimwulize "umeelewa?" Atajibu ndiyo, kwa heshima tu. Mwambie akueleze atakavyokunywa dawa akifika nyumbani.

Pa kupatilia zaidi ni matokeo ya wingi wa virusi. Tabibu anasema virusi havionekani, mkalimani anasema hakuna virusi, mama anasikia amepona, na mwezi unaofuata chupa haijafunguliwa. Maneno yanayofaa ni ya namna hii: "Dawa imevifubaza virusi, vimekuwa vichache mpaka mashine haivioni, lakini bado vimo mwilini. Ukiacha dawa, ndani ya wiki chache vitarudi. Ukiendelea nayo hivihivi, mwenzako hatavipata kwako kwa kujamiiana." Kiwango kinachotumika kwa ahadi hiyo ya mwisho ni chini ya nakala 200 kwa mililita, na lazima vipimo vithibitishe kwamba kinadumu.

Kunyonyesha ni mtego mwingine. Mama aliyezaa Kigoma akiwa kwenye ARV aliambiwa anyonyeshe. Akifika Marekani, kwa miaka mingi aliambiwa asithubutu. Mwongozo wa Marekani ulibadilika Januari 2023: mtabibu na mama wazungumze na kuamua pamoja, kwa kuwa mama mwenye virusi vilivyofubaa ana uwezekano chini ya asilimia moja wa kumwambukiza mtoto kwa maziwa, ingawa si sifuri. Mwongozo huohuo unasema wazi kwamba kuwaita watu wa ustawi wa watoto si jibu. Wako wauguzi wa wodi ya wazazi ambao habari hizi hazijawafikia, na tishio moja la aina hiyo linatosha kumfukuza mama kwenye kliniki moja kwa moja. Ukiwa msimamizi wa mafunzo, hili lifundishe wodini kwanza, kabla ya kliniki.

Kwa yote yasiyosomeka, mtandao huohuo una huduma mbili ambazo tungezipa alama za juu kuliko mtaala wenyewe. Ya kwanza ni vikao vya ECHO, mtindo ulioanzia Chuo Kikuu cha New Mexico mwaka 2003 kwa ajili ya homa ya ini C: matabibu wa kliniki za mbali hukutana na mabingwa kwa video, mmoja analeta mgonjwa asiyetajwa jina, wanajadiliana. Kikao kizuri kinajulikana kwa fomu ya mgonjwa: ikiwa ina sehemu ya lugha, makazi, bima na nani nyumbani anajua hali yake, nenda. Ikiwa ni CD4, wingi wa virusi na orodha ya dawa tu, utapata somo jingine la famakolojia. Ya pili ni simu ya ushauri ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, inayofanya kazi tangu 1993. Unapiga ukiwa na historia ya dawa, matokeo ya usugu na kazi ya figo mkononi, unaongea na mtabibu mwenzako. Wapigao bila hayo huambiwa wayatafute kwanza, na ni sawa.

Kitu kinachokosekana kabisa mtandaoni ni mambo ya jimbo. Nani analipia dawa za asiye na bima, fomu inachukua siku ngapi, duka gani la dawa linapokea mpango wa msaada wa dawa wa Ryan White. Unaweza kumwanzishia mtu ARV siku aliyopata majibu, kama mtaala unavyofundisha, ukampa chupa ya sampuli ya siku saba, na fomu ikatoka siku ya ishirini. Hizo siku kumi na tatu ni zako. Kituo cha AETC cha kanda yako ndicho chenye majibu. Kiulize kabla ya kumwahidi mgonjwa chochote.

Walioko Tanzania na Kenya wanaweza kuutumia pia, akaunti haichagui nchi, ila wasome kwa kuchuja. Marekani inahesabu matibabu yameshindwa virusi visipobaki chini ya nakala 200. Shirika la Afya Duniani linaweka mstari kwenye 1,000. Huko kila anayeanza hupimwa usugu, kwetu la. HLA-B*5701 kwenye CTC nyingi, kliniki za VVU za Tanzania, utaiona kwenye skrini tu. Yanayohamia bila kubadilika ni mwingiliano wa dawa: metformini isizidi miligramu 1,000 kwa siku pamoja na dolutegravir, dawa za kiungulia zenye aluminiamu au magnesiamu, dolutegravir itangulie saa mbili au ifuate saa sita baadaye, vidonge vya chuma na kalsiamu vya wajawazito vinaweza kumezwa pamoja nayo, mradi iwe na chakula. Lugha ni Kiingereza kizito, na afisa tabibu asiyekizoea atachoka mapema. Someni kwa kikundi, mtaala una sehemu ya kuunda vikundi na kufuatilia nani kamaliza nini. Angalieni tarehe ya masahihisho juu ya kila somo, hasa ya kinga, kwa kuwa lenacapavir ya sindano kila miezi sita iliidhinishwa Marekani Juni 2025 na masomo hayasahihishwi yote kwa siku moja. Kuhusu pointi za kuhuisha leseni, muulizeni msajili wenu kabla ya kuhesabu. Na simu ya San Francisco ni ya matabibu walioko Marekani: aliye Kisumu akikwama ana simu ya Uliza ya NASCOP, mpango wa taifa wa UKIMWI wa Kenya, aliye Kasulu ana mratibu wa UKIMWI wa wilaya.